Dakika Ishirini Bila Nyundo

Siku ile nilimwambia mwalimu wa kemia kwamba tumbo linanikata. Alinitazama kama mtu anayetazama noti bandia, akasema tumbo langu huuma tu siku ambazo kuna kitu cha kuona mjini. Nikashika ukuta. Nikakunja uso. Akaniachia niende, nadhani kwa sababu darasa la kumi bila mimi ni darasa analoweza kufundisha. Nilitembea polepole mpaka kwenye geti, halafu nikakimbia bila kusimama hadi Buyenzi, mtaa wetu wa mafundi.

Kitu cha kuona kilikuwepo kweli. Saa nne asubuhi, profesa mmoja wa Ulaya angempigia simu dada yangu.

Dada alikuwa mwaka wa tatu pale chuo kikuu, anasoma uhandisi. Sisi ni watoto wa fundi wa bodi. Baba hunyoosha milango ya magari yaliyogongana, na kabla ya dada, mtu wa kwetu aliyefika mbali zaidi na shule alikuwa mjomba, aliyeuza kalamu mbele ya geti la chuo hicho. Sasa chuo kimoja cha huko baridini kilikuwa na mpango wa kuchukua wanafunzi wa nchi za nje kwa wiki sita. Unafika, unalala bweni moja na watu kutoka kila pembe ya dunia, unasoma nao, mnajenga daraja dogo la mbao na kulivunja makusudi ili kuona linaanzia wapi kuvunjika, halafu unarudi kwenu. Kuvunja daraja na kupewa cheti! Mimi navunja vitu bure kila siku.

Kutoka nchini kwetu walitaka mtu mmoja. Walikuwa wamebaki wawili: dada, na kijana mmoja wa mtaa wa kitajiri wa Mutanga Nord ambaye kwao simu inakaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Kila mmoja angeulizwa maswali kwa simu, dakika ishirini, kisha wachague. Ndiyo maana dada alikuwa haonji chakula tangu Jumapili.

Kwetu simu hakuna. Kwenye fomu dada aliandika namba ya duka la spea lililo mbele ya karakana ya baba. Simu ya mzee mwenye duka ilikuwa haikatiki hata mji mzima ukikatika, naye aliifungia ndani ya kisanduku cha mbao, na ufunguo akaufunga kwenye kamba ya suruali. Ukipigiwa pale, anatoka mlangoni na kuita jina lako mpaka mtaa wote ujue una mtu anayekukumbuka.

Tatizo ni huo mtaa wenyewe. Kuanzia asubuhi mpaka jioni, mtaa wetu unapigwa. Baba anapiga milango, jirani anapiga rimu, fundi wa kulehemu anawasha jenereta, mashine ya unga inanguruma, na kila injini inayofunguliwa lazima ijaribiwe kwa kelele ili mteja aridhike. Siku mbili kabla, mwalimu wa dada alipiga simu ya majaribio akiwa nyumbani kwake. Alisema ilikuwa kama anaongea na mtu aliye ndani ya pipa linalobingirishwa.

Jioni hiyo dada alinikuta jikoni nikila masalio ya ndagala, dagaa wa ziwa letu.

"Mdogo wangu, mi sijawahi kukuomba kitu."

"Unaniomba ninyamaze kila siku."

"Basi sasa nenda ukawaombe wote wanyamaze. Kesho kutwa, saa nne, dakika ishirini."

"Mafundi wa mtaa mzima? Watanitupa kwenye mtaro."

"We njo mutu wanamujua," akasema, na "njo" kwetu Buyenzi ni "ndiye". "Lakini bila uongo, unasikia? Hata mumoja. Ukidanganya, namwambia baba nani aliingiza pikipiki ya mteja kwenye mtaro."

Hiyo ilikuwa siri yetu. Nikameza ndagala na kichwa chake.

Nilianza na fundi wa rejeta. Alikuwa amechuchumaa juu ya beseni la maji, anatafuta tundu.

"We tena?" akasema kabla sijafungua mdomo. "Juzi ulisema waziri anakuja. Tukafagia mpaka mtaro. Waziri iko wapi?"

"Ile ilikuwa mchezo, papa. Hii ni kweli."

"Kweli ya nani?"

"Ya dada. Wanampigia simu kutoka Ulaya. Akijibu vizuri, anaenda kusoma kule wiki sita."

Aliinua kichwa. "Yule dada yako mwenye kubeba vitabu kama mayai?"

"Yeye."

"Ah. Ungesema mapema. Mi nazima hata redio."

Hivyo hivyo kila mahali. Kwa jina langu nilifukuzwa, kwa jina la dada nikapewa kiti. Fundi wa kulehemu alisema dada ndiye aliyemfundisha mwanawe kugawanya, basi jenereta itanyamaza, na yeye mwenyewe atanyamaza, na mke wake atajaribu. Mama wa mashine ya unga alitoa dakika kumi tu, lakini aliposikia wengine wametoa ishirini alikasirika: "Unadhani mi ndiye mubaya wa mtaa? Andika ishirini na tano!"

Wa mwisho alikuwa baba. Aliendelea kupiga mlango wa teksi huku nikiongea, na nilipomaliza akaupitisha mkono juu ya bati, kama anavyofanya, anasikiliza kwa kiganja.

"Wenzangu wamekubali?"

"Wote."

"Bila kuwadanganya?"

"Bila, baba. Hata mimi nimeshangaa."

Akacheka puani. Kwa baba hiyo ni karibu hotuba.

Basi siku ikafika, na tumbo langu likapona njiani. Saa nne kasoro dakika tano nilisimama katikati ya mtaa, nikainua mikono yote miwili, nikaanza kuishusha polepole, viganja chini, kama padri anayekalisha waumini. Rimu ikanyamaza. Jenereta ikakohoa, ikafa. Mashine ya unga ikashuka sauti mpaka ikawa kama mzee anayelala. Nyundo ya baba ilikuwa ya mwisho: kang, kang, halafu basi.

Jamani. Nimezaliwa mtaa ule na sikuwa nimewahi kuusikia. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya paa la msikiti, kwa kucha. Nilisikia mtu akikuna kichwa. Nilisikia kandambili zangu na nikaona aibu, nikazivua. Mafundi walikaa wamejipanga kando ya kuta, mikono yenye mafuta juu ya magoti, wakitabasamu kama watoto waliojificha. Mimi! Mimi nimezima Buyenzi kwa mikono miwili!

Simu ikalia. Dada alikuwa amekaa mbele yake tangu saa tatu, kavaa sketi ya Idi kana kwamba wangemwona. Tulikuwa tumekubaliana aipokee yeye. Lakini mzee wa duka hajawahi kumwachia mtu simu yake ilie. Akaikamata.

"Alo! Alo! Karibu! Habari ya huko? Familia? Watoto? Na baridi?" Yote hayo kwa Kifaransa chake cha garaji, anachotumia kuagiza vichujio vya mafuta. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. "Anasema mke wake mgonjwa wa mgongo," akamwambia dada. "Pole sana, papa, pole! Sisi tuko salama, Alhamdulillahi."

Dada alikuwa anamwangalia kama mtu anayeona basi lake linaondoka. Dakika nzima, labda mbili. Mwishowe mzee akampa mkonga wa simu, akatoka akinyata, akafunga mlango. Kupitia kioo nilimwona dada akinyoosha mgongo. Akaanza kuongea. Mkono wake wa kushoto ukaanza kuchora kitu hewani, na nikajua anaelezea daraja, na nikajua anaenda vizuri.

Sasa, kuna kitu ambacho hakuna aliyekifikiria. Si mimi, si baba, si huyo dada wa uhandisi.

Kule kwetu mafundi ndio wanaokaa barabarani. Malori ya askari yakipita mbio, wao ndio wanaoyaona kwanza. Risasi zikianza upande wa milimani, wao ndio wanaoinua kichwa kwanza na kuweka nyundo chini ili wasikie ni mbali au ni karibu. Watu wa ndani hawasubiri kuambiwa. Nyundo zikinyamaza zote kwa pamoja, na hakuna jeneza linalopita, kila mama anajua la kufanya: kukusanya watoto na kufunga mlango.

Na nyundo zilikuwa zimenyamaza zote kwa pamoja.

Wa kwanza kutokea alikuwa mama mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani na mtoto mkononi. Alikata kona, akawaona mafundi wamekaa kimya kando ya ukuta.

"Ni amahoro?" akauliza kama ni amani, kwa sauti ya juu.

Nikaweka kidole mdomoni. "Shhh!"

Macho yakamtoka. Nikaona hajaelewa, nikamfanyia ishara yangu, mikono yote miwili, viganja chini, polepole.

Akalala chini. Yeye, mtoto, na nyanya.

Nyuma yake kulikuwa na vijana wawili wa kusukuma baiskeli. Walipomwona mama amelala, wakatupa baiskeli na kulala. Nikawafanyia ishara kwa nguvu zaidi, apana, apana, si hivyo, na watatu wengine wakalala. Kila nilivyozidi kuomba utulivu kwa mikono, ndivyo watu walivyozidi kwenda chini. Fundi wa rejeta alikuwa ameuma kofia yake ili asicheke.

Nami nilikuwa nakaribia kucheka. Kisha nikasikia milango ya bati. Mtaa wa pili walikuwa wanafunga maduka, kraa, kraa, kraa, na sauti ile ikahama mtaa hadi mtaa kuelekea sokoni. Na baada ya milango, miguu. Watu wengi wanakimbia, na wanakimbilia kwetu. Watoto wa zamu ya asubuhi walikuwa wametolewa shuleni, nikawaona wakikata kona na mikoba ikiwapiga mgongoni. Bibi mmoja alisukumwa akaingia mtaroni mpaka kiunoni. Na kutoka upande wa kizuizi cha barabarani walikuja askari wawili, bunduki zimeshatoka mabegani, mmoja anauliza kwa Kirundi ni nini, ni nini, na hakuna anayemjibu. Wote walikuwa wamefunga midomo kwa ajili ya dada yangu.

Askari aliyeogopa, mbele yake umati unaokimbia. Hata mimi, mjinga wa mwisho, nilijua hapo hakuna utani.

Nilitazama dukani. Dada alikuwa ametugeuzia mgongo, kidole kinaendelea kuchora. Nikatazama saa ya ukutani: saa nne na dakika kumi na mbili.

Nikamkimbilia baba. "Baba, piga."

"Dada yako hajamaliza."

"Baba, watu wanadhani ni vita. Watakufa bure. Piga!"

Alinitazama. Alikuwa anatafuta kama natania, na haki yake, miaka kumi na sita yote nilikuwa nimempa sababu. Sikuweza kumngojea. Nilichukua nyundo iliyokuwa karibu nikaupiga ule mlango wa teksi. Niliupiga vibaya, nyundo ikarudi ikanigonga goti. Nikaupiga tena. Baba akaninyang'anya ile ndogo, akachukua kubwa, akapiga mara tatu kama mtu anayebisha hodi kwa serikali.

Rimu ikajibu. Jenereta ikawaka. Mashine ya unga ikapanda sauti, na mwenye mashine akaanza kuimba kwa makusudi. Mafundi walipiga kila kilichokuwa mbele yao, mabomba, madebe, boneti ambazo hazikuwa na kosa lolote. Watu walisimama. Walisimama tu mahali walipokuwa, wakihema, wakisikiliza. Askari mmoja alishusha bunduki na kufuta uso kwa mkono wa shati. Mama wa nyanya aliinuka, akajifuta vumbi, akaangalia nyanya zake, akaniangalia mimi.

"We mutoto! Njo we umenilaza chini?"

"Mama, mi nilisema kimya tu..."

"Kimya gani ya kulalisha watu? Kuja hapa!"

Nilizunguka ile teksi mara nne, yeye nyuma yangu na kandambili mkononi, na mtaa mzima, askari pia, wakicheka kile kicheko cha watu ambao moyo ulikuwa umesimama. Bibi wa mtaroni alitolewa, akadai soda. Akapewa mbili.

Dada alitoka saa nne na nusu. Wote wakanyamaza tena. Wakakumbuka, wakaendelea kupiga, polepole.

"Nani alianza?" akauliza.

Vidole vyote vya Buyenzi vikanielekea.

Alitueleza akiwa amesimama mlangoni. Kelele ilipoanza, profesa aliuliza, medemwazeli, kuna nini huko? Alitaka kusema wanajenga. Kisha akaona hana nguvu ya kutunga, akasema kweli. Akamwambia kwamba mtaa wake ulikuwa umenyamaza kwa ajili ya simu hii, kwamba watu wamedhani ni mapigano, na sasa nyundo zinawaambia hakuna kitu. Profesa akauliza umejuaje hayo, ulikuwa ndani. Akajibu kwamba alisikia milango ya bati na miguu ya watu, kwamba pigo la kwanza lilikuwa la mtu asiyejua kushika nyundo, yaani mdogo wake, na la tatu lilikuwa la baba yake, na baba yake hapigi bila sababu.

"Halafu?" tukauliza.

"Halafu akashukuru. Akasema, tutakujulisha."

"Basi?"

"Basi. Tutakujulisha." Akanipita bila kunitazama, akaingia ndani, akavua sketi ya Idi.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Habari zilitufikia kwamba yule kijana wa Mutanga Nord aliongea dakika arobaini, pazia limefungwa, mama yake amewafukuza hata kuku. Dada aliacha kunisemesha. Akitaka chumvi alikuwa anamwambia mama amwambie yule mtu asogeze chumvi. Nilimwambia mama amjibu kwamba yule mtu anasikitika. Mama alisema yeye si posta.

Siku ya kumi, mchana, nilikuwa nimetoka shule, safari hii kihalali. Mzee wa duka akatoka mlangoni kuita jina la dada. Dada alikuwa amekwenda mtaa wa Musaga kwa rafiki yake kuazima daftari. Nikaingia mimi. Mzee alikuwa bado anaongea, anatoa ushauri kuhusu mgongo wa mke wa profesa: mafuta ya moto, kukandwa jioni, asibebe maji. Nikachukua simu. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya haraka. Akataja jina la dada, akauliza, je, ni wewe?

Naapa nilitaka kusema apana.

"Ndiyo, madamu," nikasema. "Ni mimi."

Sikumbuki nilivyofika Musaga. Nakumbuka tu nililipa basi na kushuka kabla halijasimama. Dada alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, rafiki yake anamsuka, upande mmoja umeshakwisha, mwingine umesimama kama moto.

"Umechaguliwa," nikasema.

"Toka hapa."

"Wallahi dada, umechaguliwa wewe."

"Huyu njo yule wa kulalisha watu chini?" rafiki yake akauliza.

"Njo huyo. Usimusikilize."

"Wamepiga simu. Wameuliza kama unakubali kulala chumba kimoja na msichana wa nchi nyingine. Nimesema unakubali, umezoea kulala na mimi, huyo hawezi kuwa mbaya zaidi."

Mkono wa kusuka ukasimama.

"Wameuliza kama kuna chakula usichokula. Nimesema nguruwe. Na kabichi."

"Mi nakula kabichi!"

"Najua. Nilitaka wakupikie kitu kingine. Halafu wakauliza saizi ya koti, kwa sababu huko ni baridi na wana makoti ya kuazima wageni. Nimesema kubwa kabisa, ili na mimi nikija siku moja..."

"Wewe ulisema wewe ni mimi?"

"Kidogo."

Alinikamata masikio yote mawili. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. "Rudia. Neno kwa neno. Kwa Kifaransa."

Nikarudia. Tuna furaha kukujulisha. Akasema, "Tena." Nikarudia tena. Mara ya tatu akaniachia masikio, akakaa chini, si kwenye kigoda, chini kabisa, kwenye maji ya sabuni yaliyomwagwa uani. Rafiki yake akaanza kupiga vigelegele, na chanuo lilikuwa bado limening'inia kwenye nywele za dada. Dada alikuwa anacheka na kulia na kuninyooshea kidole bila kupata neno la kunitukana. Kisha akaruka, akavaa kandambili moja yake na moja ya rafiki yake, akanivuta mkono kuelekea barabarani na nusu kichwa hakijasukwa.

"Twende haraka, tumwambie baba."

"Baba anajua."

"Nani amemwambia?"

"Dada, yule mzee alisimama mlangoni akatangaza. Buyenzi nzima inajua tangu saa nane. We njo wa mwisho."